Mlango Uliotazama Miwa

Hakuna mwanamke wa Bannister Hill aliyekuwa na marafiki wengi kama Ketura Yearwood, na hakuna aliyewapoteza upesi kama yeye. Aliwapoteza wote asubuhi moja ya Jumapili, ndani ya kanisa, kwa kusema kweli.

Alizaliwa mwaka 1880 katika shamba hilo hilo la miwa, katika parokia ya Saint Joseph, upande wa Barbados ambako vilima vinashuka kwa pupa hadi baharini. Mama yake, Bi Keziah, alikuwa mbeba miwa. Alitwika mizigo kichwani kutoka shambani hadi kwenye kinu tangu usichana hadi shingo ilipokataa. Ketura alisoma shule ya kanisa mpaka miaka kumi na miwili, kisha akatiwa katika kundi la watoto wang'oa magugu, kama wenzake wote. Tofauti yao ilikuwa moja. Baada ya mavuno mawili wenzake walikuwa wamekwisha kusahau kusoma, lakini yeye alisoma kila alichokiona kimeandikwa: mifuko ya unga, mawe ya makaburi, gazeti lililofungiwa samaki. Alipokuwa na miaka ishirini na minne aliolewa na Darnley Yearwood, fundi mapipa, mtu mpole aliyependa kupiga mluzi akifanya kazi.

Darnley aliondoka mwaka 1906 kwenda Panama kuchimba mfereji, pamoja na wanaume wengine wengi kiasi kwamba kwaya ya kanisa ilibaki na mwimbaji mmoja tu wa besi. Aliandika barua tatu. Katika ya tatu alisema mvua ni nyingi na kwamba amenunua viatu. Baada ya hapo hakuandika tena.

Kwetu ardhi ni ya shamba na nyumba ni ya mtu. Ndiyo sababu nyumba zetu za mbao zinakaa juu ya mawe yaliyopangwa tu, bila msingi. Mtu akiambiwa ondoka, anagonga kabari, anazifungua kuta zake nne, anazipakia kwenye mkokoteni pamoja na paa na kwenda zake kama kobe. Na pale Bannister Hill kila kiwanja kiliandikwa katika daftari kwa jina la mwanamume. Mke aliishi pale, alilima viazi pale, alizaa pale, lakini jina lake halikuwamo. Wanaume walipoanza kwenda Panama, hakuna aliyefikiria daftari. Walidhani watarudi.

Kwa kuwa Ketura alijua kuandika, wanawake walimjia na barua zao. Walikaa kibarazani pake Jumamosi jioni, mmoja mmoja, wakamnong'oneza ya kumwambia mume, naye akaandika kwa mwandiko wa mviringo. Kwa hiyo alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua: kwamba barua zilikuwa zinakwenda tu. Hazikurudi. Mchana kila mke aliwaambia wenzake, "Bwana wangu kaandika, yu mzima, anakusalimuni." Wengine walitembea na bahasha ileile mwaka mzima, imelegea kama kitambaa, wakiionyesha kwa mbali. Hodari wao alikuwa Drusilla Holder, rafiki wa Ketura tangu kundi la magugu, mwanamke mrefu mwenye kicheko kilichosikika hadi kinuni. Drusilla alisema mumewe Cuthbert anamwekea fedha ajenge nyumba ya mawe. Alikuwa amekwisha kuchagua hata rangi ya madirisha.

Mwaka 1911 meneja wa shamba, Bwana Corbin, alianza kutazama daftari lake. Wa kwanza kuguswa alikuwa Ianthe Blackett, ambaye mumewe alikufa huko kwa baruti. Mnyapara alikuja kumwambia kwamba marehemu hawezi kuwa mpangaji, kwa hiyo kiwanja kinarudi shambani. Ianthe alikuwa na watoto watatu. Watu walimsaidia kufungua nyumba, wakamsindikiza hadi mpakani, wakaimba wimbo, wakarudi.

Ketura hakuimba. Siku ya pili yake alivaa kofia akaenda kusimama chini ya dirisha la ofisi ya meneja.

"Bwana, andika majina ya wanawake," alisema. "Sisi ndio tupo. Sisi ndio tunaolima."

Bwana Corbin hakuwa mkali. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kisa na mtoto. "Ketura, nikianza kuandika sketi katika daftari hili, mwakani nitaandika mbuzi. Mwambie mumeo arudi."

"Na asiporudi?"

"Basi wewe unajua zaidi yangu."

Aliondoka pale na maneno hayo kifuani. Ndiyo, alijua zaidi. Alijua kwamba karibu wanawake ishirini na tano wa Bannister Hill walikuwa katika hali ileile, ila kila mmoja alidhani yuko peke yake, akaficha. Akafikiri: wakijuana tu, watasimama pamoja. Fikra hiyo ilikuwa safi na sahihi. Kosa lake lilikuwa namna ya kuwajulisha.

Katika kanisa letu dogo la kilimani, Jumapili ya kwanza ya mwezi ni ya ushuhuda. Mtu yeyote anaweza kusimama, mwanamume kwa mwanamke, na akiisha kusimama hakatizwi, hata na mchungaji, kwa sababu inaaminika anayesema ni Roho. Hapo ndipo palipokuwa mahali pekee katika parokia nzima ambapo mwanamke angeweza kusema kwa muda mrefu na watu wakanyamaza. Ketura alisimama.

Alianza vizuri. Alisema habari za Ianthe, na wazee wakaguna, "Kweli, dada." Alisema kwamba mke ana haki katika kiwanja alichokitolea jasho, na kwamba Mungu alipowagawia watu ardhi hakutazama suruali. Hapo watu walicheka kidogo. Kisha, ili waone kwamba jambo hili si la Ianthe peke yake, akaanza kutaja majina.

"Mimi mwenyewe mume wangu hajaniandikia miaka mitatu na nusu. Dada Elmina pale, mwaka mmoja na miezi minne. Dada Rosetta, tangu Pasaka ya mwaka juzi. Dada Drusilla, miezi ishirini na miwili hajapata hata mstari mmoja. Si aibu yetu, ndugu zangu! Ila meneja akiyajua haya..."

Drusilla alikuwa ameketi benchi la pili na kofia yake ya manyoya. Hakugeuka. Unyoya wa kofia ndio uliotikisika. Ketura aliendelea hadi jina la mwisho, maana mtu akianza ushuhuda huumaliza, na alipokaa hakuna aliyesema amina. Mchungaji alitangaza wimbo. Sauti ziliimba chini chini, kama watu walio kwenye nyumba ya mgonjwa.

Nje, wanawake walipita pembeni yake kama maji yanavyopita jiwe. Drusilla peke yake ndiye aliyesimama.

"Shoga, nisikilize," Ketura alisema. "Nilitaka tujuane. Tukiwa pamoja hawatuwezi."

"Nilikupa siri yangu uiandike, Ketura. Sikukupa uisome."

"Lakini ni kweli."

"Kweli yako?" Drusilla alisema. "Mimi nilikuwa na mume mpaka saa nne na nusu leo. Wewe ndiye uliyeniulia mume mbele ya watu. Na huyo Rosetta na maneno yake, atanitia mdomoni mwaka mzima." Akarekebisha kofia yake. "Usinijie kwangu tena."

Kufika jioni watoto walikuwa wamekwisha kumpa Ketura jina: Tarumbeta. Kufika Jumatano mnyapara alikuja na notisi. Darnley Yearwood hayupo, kiwanja kinarudi shambani, mwezi mmoja.

Ng'ambo ya korongo, nje kidogo ya mpaka wa shamba, palikuwa na kipande cha mwamba na nyasi, mali ya mzee Mose Gittens, mwenye mkokoteni na nyumbu mmoja. Alimkodisha Ketura pale, akisema mwamba ule hata mbuzi wanaudharau. Kwa kawaida kuhamisha nyumba ni kazi ya watu thelathini na ni nusu ya sherehe. Wanaume hushusha kuta, wanawake husonga ugali wa mahindi na bamia, mtu hupiga filimbi. Siku ya Ketura walikuja watatu: mzee Mose na binti zake wawili. Mabinti hao walikuwa na nguvu, lakini hakuna aliyewahi kuwaonyesha kazi hiyo. Ketura alizitia kuta alama za mkaa ili wajue ipi ya mbele na ipi ya nyuma. Walipokuwa katikati ya korongo ikanyesha mvua ya ghafla, na mkaa ukatiririka wote.

Walisimamisha kuta kwa kubahatisha. Kabari ya mwisho ilipoingia, mzee Mose alirudi nyuma kutazama kazi yao, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Ketura, mwanangu."

"Naam."

"Mlango uko wapi?"

Mlango ulikuwa upande wa pili. Nyumba ilikuwa imeipa barabara kisogo, ukuta mtupu wenye kidirisha kimoja, na mlango ukatazama korongo na miwa ya Bannister Hill iliyoanzia hatua chache tu chini yake. Binti mmoja alianza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Kesho nitakuja na nyumbu tuigeuze," alisema mzee Mose.

Kesho yake meneja alimtumia ujumbe kwamba mkokoteni utakaomsaidia Yearwood hautabeba tena miwa ya Bannister Hill. Mzee Mose alikuja kumwambia mwenyewe, akasimama mvuani hakutaka kuingia, kwa haya. Ketura alimwambia asijali. Mlango ni mlango.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuishi upande wa nyuma wa dunia. Alisikia watu wakipita barabarani, wakienda bombani, wakienda kanisani, lakini hakuwaona wala wao hawakumwona. Nyumba yake waliiita Iliyonuna. Alishona magauni kwa mifuko ya unga, akayachukua kuyauza parokia ya pili ambako hakuna aliyemjua. Alipika shelisheli moja, akala siku mbili. Wakati mwingine alijikuta anataja kwa sauti alichokuwa anataka kufanya, "Sasa nitafua," kisha akanyamaza, akasikiliza, kana kwamba mtu angemjibu. Kanisani alikaa benchi la nyuma kabisa. Nafasi iliyokuwa kando yake ilibaki wazi hata sikukuu ya mavuno, watu walipokuwa wamesimama ukutani.

Kilichomwuma kuliko yote hakikuwa kutengwa. Ni kwamba hakuwa na hakika tena kama alikuwa na haki. Alikuwa amewataka wanawake wale wapate majina yao katika daftari. Alichowapa ni fedheha. Usingizini alimwona Drusilla na unyoya wake unaotikisika.

Ikawa mwaka mzima hivyo. Halafu alasiri moja miwa ikachakarika, akatoka Elmina Gill, mdogo kuliko wote, majani kichwani.

"Sijaja kwako," alisema Elmina haraka. "Nilikuwa napita tu."

"Ndani ya miwa?"

"Njia ya mkato." Alitazama huku na huku. Kisha akatoa bahasha kifuani. "Imekuja. Ina muhuri wa kule. Sijui inasema nini na siwezi kumpa mwingine."

Ketura alimsomea. Mumewe alikuwa hai, yuko hospitali, amebaki na mguu mmoja. Elmina alilia, akacheka, akalia tena, na Ketura akaandika jibu. Alipokuwa akiondoka, Elmina aligusa kizingiti. "Mlango wako uko mahali pazuri," alisema. "Kutoka barabarani hakuna anayeona."

Wiki iliyofuata akaja mwingine, naye kwa njia ya mkato. Kisha mwingine. Kila mmoja aliamini ni yeye peke yake, na Ketura, ambaye sasa alikuwa amejifunza, hakumwambia yeyote habari za mwenzake. Lakini miwa haina adabu. Siku moja Rosetta Clarke alitokea upande wa kulia na mama yake Elmina upande wa kushoto, wakakutana uso kwa uso mbele ya mlango.

"Wewe unatafuta nini huku?" Rosetta aliuliza.

"Kuku wangu kapotea. Na wewe?"

"Kuku."

"Wa rangi gani?"

"Mwekundu."

"Na wangu mwekundu." Walitazamana. Rosetta akaanza kutetemeka mabega. "Shoga, kuku hao wamejua kusoma siku hizi!" Wakacheka mpaka wakashikana, na Ketura, amesimama mlangoni na sindano mkononi, alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale. Hawakumwangalia sana walipokuwa wanacheka. Hata hivyo waliingia pamoja.

Tangu siku hiyo walijuana, wao kwa wao, polepole, kila mtu kwa kinywa chake na kwa wakati wake. Jumapili barabarani bado walimpita kama hawamjui. Elmina alimwambia, akiona haya, "Dada Ketura, usikasirike. Meneja ana macho." Ketura alisema hakasiriki. Alikwenda nyumbani kwa njia yake, wao kwa yao.

Drusilla alikuja wa mwisho, Machi ya mwaka 1913, kukiwa na notisi mpya nne shambani, za kuhama mavuno yakiisha, moja ikiwa ya kwake. Alitembea katikati ya miwa wima, bila kujificha, kwa kuwa kwa urefu wake kuinama kusingemsaidia. Alikaa kizingitini akiwa amempa mgongo.

"Cuthbert ana mke kule," alisema. "Mhispania. Na mtoto."

"Pole, Drusilla."

"Wewe ulijua?"

"Hapana. Nilijua tu kwamba haandiki."

Drusilla alichuma jani la muwa akalipasua katikati. "Mwaka huu wamenichagua mimi kuvaa nyeupe," alisema.

Mavuno yanapoisha, mkokoteni wa mwisho hupambwa maua, na mwanamke mmoja aliyevaa nyeupe huutangulia hadi uwanja wa kinu, wafanyakazi wote nyuma yake. Hapo yeye humwambia mwenye shamba maneno ya heshima kwa niaba ya wote. Kwa kuwa mwenye shamba aliishi Uingereza, wakili wake ndiye aliyekuja kila mwaka kutoka Bridgetown, pamoja na wageni na mabibi wenye miavuli. Kwa siku hiyo moja meneja alikuwa mtu wa kusimama pembeni.

Ketura aliweka chini gauni alilokuwa akilishona. "Na mwenye kuvaa nyeupe hakatizwi," alisema.

"Hakatizwi."

Kisha Drusilla akageuka na, mara ya kwanza baada ya miaka miwili, akamtazama usoni. "Niandikie maneno, niyakariri."

"Siandiki. Nilisema kwa niaba yenu mara moja, uliona." Ketura alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa. "Wewe sema jina lako na miaka uliyokaa kiwanjani. Kisha ukae kimya, na mwingine aseme lake. Yule asiyetaka, asiseme. Wakiisha wote, omba majina yaandikwe. Basi."

"Na jina lako?"

Swali hilo Ketura alikuwa amelisubiri, maana alikuwa na tumaini lake dogo alilolificha: daftari likifunguka, naye angeomba kurudi. Angeomba kiwanja chochote, hata kile cha karibu na zizi. Alikuwa hajamwambia mtu.

Drusilla aliinamisha kichwa. "Wakilisikia jina lako, Corbin atakataa kabla hatujafungua mdomo. Atasema ni maneno ya Tarumbeta. Unajua."

"Najua."

"Si mimi ninayesema hivyo. Ni hali."

Ketura alichukua tena sindano, akailenga kwa uzi mara mbili, akakosa, mara ya tatu ukaingia. "Basi lisisikike," alisema. "Na wakiuliza nani amewafundisha, mseme hakuna."

Siku ya mkokoteni wa mwisho, miwa yote ilikuwa imekwisha kukatwa, na kutoka mlangoni pake Ketura aliweza kuona hadi uwanja wa kinu, ng'ambo ya korongo, watu wakiwa wadogo kama punje. Alivaa gauni lake la Jumapili. Alitoa kiti nje, lakini hakukikalia. Ngoma zilikuja, na fidla, na nyumbu wenye maua ya rangi shingoni, na mbele yao kitu cheupe kirefu ambacho hata kwa mbali kiasi kile hakikuweza kuwa mtu mwingine.

Ngoma zikanyamaza. Upepo ulikuwa ukimwelekea yeye.

"Drusilla Holder. Miaka kumi na sita!"

Kimya. Ketura alikunja vidole vyake.

"Rosetta Clarke. Miaka kumi na tisa!"

Kisha sauti ndogo, karibu ipotee. "Elmina Gill. Miaka saba."

Wengine alisikia jina tu, wengine miaka tu, wengine hakusikia chochote ila alijua kwa urefu wa kimya kwamba mtu anasema. Midomo yake ilikwenda pamoja nao. Alizijua zamu zao zote. Walikuwa ishirini na watatu, na hakuna aliyebaki nyuma, hata bibi mmoja kiziwi aliyesema miaka yake mara mbili. Kisha Drusilla akasema maneno ambayo hayakumfikia, na palikuwa na ukimya mrefu sana. Mwavuli mmoja ulisogea.

Halafu kofia ziliruka juu. Akasikia kelele, akaona kitu cheupe kinainuliwa na watu na kushushwa na kuinuliwa tena, ngoma zikaanza zote kwa pamoja bila mpango. Ketura alipiga makofi. Yalisikika vibaya pale mwambani, makofi ya mikono miwili, akayaacha. Aliketi sasa kwenye kile kiti. Aliketi mpaka sherehe ilipohamia upande wa nyuma wa kinu, ambako mtu hawezi kuona kutoka huku.

Hakuna aliyekuja jioni hiyo, wala siku iliyofuata. Miwa haikuwapo tena ya kupitia. Siku ya tisa Drusilla alikuja kwa barabara, mchana, akaizunguka nyumba kutafuta mlango.

"Wametuandika," alisema. "Wote ishirini na watatu. Wakili alikuwa amefurahi mbele ya mabibi wale, akasema, 'Corbin, waandike.' Corbin kawa mwekundu kama kaa."

"Nilisikia kelele."

"Aliuliza nani katufundisha. Nikasema hakuna, sisi wenyewe." Drusilla aliketi kizingitini. "Akauliza tena, hakuna mtu anayewaandikia hapa? Nikasema alikuwapo mmoja, alihama zamani, hatujui yuko wapi."

"Umesema vizuri."

"Usiniambie nimesema vizuri!" Drusilla alikaribia kupiga kelele. "Kisha nikamfuata Corbin ofisini, mimi na Rosetta. Tukamwambia kuna kiwanja cha Ianthe kiko tupu, na kuna mtu. Hakuuliza hata ni nani. Alisema, waliotoka wametoka. Akisikia tena habari za mtu huyo, mwakani atavitazama upya viwanja vyote."

Ketura alimmiminia maji. "Basi msimtajie tena."

"Ketura..."

"Nasema msimtajie. Ishirini na watatu, Drusilla. Usije ukawachezea kwa ajili ya mmoja."

Drusilla alilia, kwa sauti ileile aliyochekea. Alikunywa maji, akasema atakuja Jumapili. Alikuja Jumapili, na nyingine kadhaa, kisha mvua zikaanza na kazi ya kuchimba mashimo ya miwa mipya. Miwa ilipokua tena na kuficha njia, hapakuwa na haja ya kupita humo. Wanawake walikuwa na majina yao, na mtu mwenye jina lake hachungulii majanini. Barabarani sasa walimwamkia, "Hujambo, Dada Ketura," wakapita.

Aliishi miaka ishirini na mitano zaidi katika nyumba ile. Darnley hakurudi wala habari zake hazikuja. Ketura alizoea kwenda kwa miguu kwenye mashamba mengine ya parokia, kuwaandikia wanawake barua, na kila mahali aliuliza kwanza, "Kwenye daftari lenu wanawake wamo?" Wakisema hapana, aliwaeleza ilivyofanyika Bannister Hill. Aliwaeleza kama mtu aliyesikia kwa watu. Gazeti moja la Bridgetown lilichapa barua yake kuhusu jambo hilo, na chini yake wakaweka "Mwanamke wa Saint Joseph," kwa kuwa ndivyo alivyotia sahihi.

Asubuhi moja, akiwa na miaka zaidi ya hamsini, alisimama kwenye foleni ya maji bombani nyuma ya binti mmoja aliyeolewa mwezi ule Bannister Hill, aitwaye Verona, msemaji kupita kiasi.

"Bibi, hata mume wangu nimemwambia," Verona alikuwa akisema, "ukinisumbua utalala nje, kiwanja ni changu. Kwetu pale wanawake wana viwanja tangu zamani. Bibi zetu walimwendea wakili wenyewe, wakasimama mmoja mmoja wakajitaja. Hakuna aliyewasaidia! Wewe hukuwako siku hizo?"

"Nilikuwa karibu," Ketura alisema. "Ng'ambo ya korongo."

"Ulikosa mambo, bibi. Inasemekana kofia ziliruka mpaka juu ya kinu."

"Ziliruka, ndiyo." Ndoo ya binti ilikuwa imejaa, ikawa inamwagika. Ketura aliinama akafunga bomba. "Na wewe jina lako wameliandika? Umeliona mwenyewe, au umeambiwa?"

"Nimeliona. Ukurasa wa tatu."

"Haya," Ketura alisema, akasogeza ndoo yake mahali pake.